Shule Haiinuki kwa Rangi ya Lango: Mwalimu Mkuu Apimwe kwa Saa za Darasani

Kila mwaka matokeo ya mitihani yakishatangazwa, hukosi kusikia shule ambayo wazazi wameivamia. Wanafika alfajiri, wanafunga lango kwa mnyororo, wanabeba matawi na kuimba kwamba mwalimu mkuu afunganye virago. Maafisa wa elimu wanakuja mbio, mkutano wa dharura unaitwa chini ya mwembe, mwalimu mkuu anahamishwa au wazazi wanaahidiwa kuwa atahamishwa, na watu wanarudi makwao wakiamini mambo yametengenea. Analetwa mwingine. Miaka miwili au mitatu baadaye, mnyororo ule ule unarudi langoni.

Siwatetei walimu wakuu wazembe. Wapo, na wazazi wanawajua kwa majina. Lakini katika ghasia hizi wazazi wana haki kwa jambo moja na wanapotoka kwa jingine. Wana haki wanaposema kwamba kiongozi wa shule anaweza kuiinua au kuizamisha. Wanapotoka kwenye kipimo. Tunampima mwalimu mkuu kwa lango jipya, rangi ya ukuta, basi la shule na alama ya wastani ya mwaka mmoja. Tunasahau kuuliza mambo mawili yanayoamua hatima ya mtoto: anafundishwa kwa muda gani hasa kila siku, na je, anayeiongoza shule anajua kinachoendelea darasani?

Swali hili lina uzito zaidi sasa kuliko wakati wowote. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Shule zetu za msingi sasa zinabeba watoto kutoka chekechea hadi gredi ya 9, chini ya mwalimu mkuu mmoja. Tukiendelea kuwachagua, kuwapima na kuwafukuza viongozi hawa kwa mtindo wa zamani, tutawapoteza watoto wengi kabla hawajafika sekondari ya juu.

Utafiti unasema nini

Mwaka 2008, Kenneth Leithwood na wenzake walipitia tafiti nyingi kuhusu uongozi wa shule. Walifikia uamuzi ambao umenukuliwa sana tangu hapo: miongoni mwa mambo yaliyo ndani ya uwezo wa shule, uongozi ni wa pili kwa kuathiri masomo ya mtoto. La kwanza ni ufundishaji wenyewe darasani.

Mwaka huo huo, Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake waliuliza swali la ndani zaidi: ni uongozi wa namna gani? Waligundua kwamba mwalimu mkuu aliye karibu na ufundishaji huwa na athari mara 3 hadi 4 zaidi ya yule anayesifika kwa kuhamasisha watu na kuhubiri maono. Na kati ya yote anayoweza kufanya, lililoongoza ni kuketi pamoja na walimu wake katika kujifunza namna ya kufundisha vyema. Kuwapeleka kwenye semina na yeye akabaki ofisini hakutoshi. Anajifunza nao.

Tunao ushahidi wa hapa nyumbani pia. Mwaka 2013, Benki ya Dunia ilichapisha utafiti wa huduma katika shule za msingi za Kenya. Watafiti walifika shuleni bila kutoa taarifa. Walimu ambao hawakuwepo shuleni kabisa hawakuwa wengi sana. Tatizo kubwa lilikuwa jingine: zaidi ya walimu 4 kati ya 10 hawakuwa darasani wakati walipaswa kuwa wakifundisha, na wengi wao walikuwa hapo hapo shuleni. Wako ofisini, wako chini ya mti, wako kwenye simu, au wanasahihisha madaftari huku darasa la pili linapiga kelele.

Hesabu yake si ngumu. Chukua darasa lenye vipindi 8 kwa siku. Kila mwalimu akichelewa kuingia kwa dakika 10 tu, darasa hilo linapoteza dakika 80 kwa siku, dakika 400 kwa wiki. Katika muhula wa wiki 12, hizo ni saa 80. Vipindi vikiwa vya dakika 35, watoto wamepoteza zaidi ya wiki 3 za masomo katika muhula mmoja, na hakuna aliyegoma, hakuna aliyeugua, hakuna mafuriko. Mzazi aliyelipa pesa za masomo ya ziada jioni analipia mara ya pili saa ambazo mtoto alinyimwa asubuhi.

Nani anaweza kuzirudisha dakika hizo? Mbunge hawezi. Gavana hawezi. Waziri aliye Nairobi hawezi. Ni mwalimu mkuu na naibu wake. Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) tayari imeweka daftari la mahudhurio ya vipindi ambalo mwanafunzi wa darasa hulijaza: mwalimu gani ameingia, saa ngapi, ametoka saa ngapi. Katika shule nyingi daftari hilo hujazwa kwa sababu afisa atakuja kulikagua. Katika shule chache mwalimu mkuu hulisoma kila Ijumaa na kumwita mwalimu mmoja mmoja wazungumze. Karatasi ni ile ile. Tofauti ni mtu anayeisoma.

Mradi wa Tusome wa kufundisha kusoma katika madarasa ya chini, ulioenea nchi nzima kuanzia 2015, ulitufunza somo lile lile. Vitabu vilikuja, ndiyo. Lakini maafisa wa usaidizi wa mtaala pia walipewa tabuleti na kazi ya wazi: ingia darasani, keti nyuma, mtazame mwalimu akifundisha, wasikilize watoto wachache wakisoma, kisha mshauri mwalimu. Usomaji wa watoto wa darasa la kwanza na la pili ulipanda. Vitabu bila mtu wa kufuatilia vingebaki kwenye makabati, na sote tumeyaona makabati hayo.

Pwani na vinavyokula muda

Kuna watakaosema haya ni maneno ya vitabuni, na kwamba mwalimu mkuu wa Kinango au Magarini ana shida ambazo watafiti hawazijui. Ni kweli kwa kiasi fulani, na tuziangalie.

Kuna mambo ambayo uongozi wa shule hauyawezi. Shule za wodi ya Basuba kule Lamu zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya mashambulizi ya al-Shabaab. Hakuna mwalimu mkuu ambaye angezifungua kwa bidii yake. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024 yaliwafukuza watu kando ya mto Tana, na muhula wa pili wa 2024 uliahirishwa nchi nzima. Ukame ulioanza 2020 uliwaacha watoto wa Ganze na Kinango wakifika shuleni na njaa, kama walifika. Mtu asiye na walimu wa kutosha, maji wala chakula hapaswi kulaumiwa kwa yote.

Lakini yako mengi yaliyo katikati, ambayo si ya serikali peke yake wala si ya Mungu. Chukua chakula. Chakula cha shule kikifika kwa wakati, mahudhurio hupanda, na kila mwalimu wa maeneo makavu anajua hivyo. Wajibu wa kuleta gunia ni wa serikali. Je, wajibu wa kuhakikisha gunia lililofika halipungui usiku, kwamba wapishi wanaanza mapema, na kwamba foleni ya chakula haili kipindi kizima cha mchana, ni wa nani?

Chukua wasichana. Kilifi na kaunti jirani zimetajwa kwa miaka mingi kuhusu mimba za mapema. Tumezilaumu disko matanga, bodaboda na umaskini, na kila lawama ina ukweli wake. Lakini tangu 2020 kuna mwongozo wa serikali unaosema wazi kwamba msichana aliyejifungua ana haki ya kurudi shuleni. Mwongozo huo unapata uhai au unakufa mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu. Yuko anayemtuma mwalimu mlezi nyumbani kuzungumza na mama mtu, anamtafutia msichana nafasi hata shule jirani akiona haya, na anamkanya mwalimu anayemdhihaki mbele ya wenzake. Yuko pia anayesema, “Huyu ataniharibia wengine.” Shule zote mbili zina waraka ule ule kwenye faili.

Chukua pia utoro wa walimu wakuu wenyewe. Si utoro wa hiari wakati wote. Leo ni mkutano wa kaunti ndogo, kesho semina Mombasa, keshokutwa benki, siku nyingine mgeni wa kisiasa anakuja kuzindua darasa moja na shule nzima inasimama kumsubiri hadi saa nane. Mwalimu mkuu anayeitwa nje siku mbili kwa wiki hawezi kusimamia saa za wengine. Hapa serikali ina deni lake: ikitaka kiongozi wa masomo, iache kumfanya tarishi.

Ukitazama historia yetu wenyewe, hili si geni. Habib Swaleh, aliyeanzisha Riyadha kule Lamu, hakujulikana kwa ukubwa wa jengo. Alijulikana kwa kuketi na kufundisha, na kwa kuwafungulia mlango watu ambao wakubwa wa mji wakati huo hawakuona haja ya kuwasomesha. Wanafunzi wake walitawanyika mwambao mzima wakafungua madrasa. Sheikh Al-Amin Mazrui wa Mombasa, miaka ya 1930, alitumia kalamu na mimbari kuwaambia watu wake kwamba wakipuuza elimu watabaki nyuma. Watu wa Pwani tunajua tangu zamani kwamba chuo ni mwalimu, na kwamba mwenye chuo hufundisha. Ni katika shule za serikali tulipoanza kuamini kwamba mkubwa wa shule ni mtu wa ofisi.

Lango moja, shule mbili

Mabadiliko ya mtaala yameongeza uzito juu ya mabega haya. Gredi za 7, 8 na 9 zimewekwa katika shule za msingi. Serikali inaziita shule za pamoja: mkuu mmoja, manaibu wa pande mbili. Kwenye karatasi mpango unaeleweka. Uwanjani una mivutano mitatu.

Wa kwanza ni wa pesa. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni Sh1,420 kwa mwaka. Kwa mtoto wa sekondari msingi ni Sh15,042. Watoto hawa wanatumia lango moja, tangi moja la maji, pengine vyoo vile vile. Mwalimu mkuu anayeshika akaunti hizi mbili anatazamwa kwa jicho la shaka na pande zote, hasa mgao unapochelewa, na huchelewa mara nyingi. Bila uwazi, shule inagawanyika. Mwalimu mkuu mwenye busara hubandika kwenye ubao wa matangazo kiasi kilichoingia, tarehe kilipoingia na kilivyotumika. Halazimiki kungoja mkaguzi.

Wa pili ni wa heshima. Walimu wa sekondari msingi wengi wao walisomea kufundisha shule za upili. Wamejikuta chini ya wakuu waliolelewa katika shule ya msingi, na wamelalamika mara kwa mara wakitaka shule zao zijisimamie. Wengine walianza kama wanagenzi kwa malipo madogo, na uchungu huo hawajausahau. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na katika baadhi ya shule hizi kila upande una nahodha wake. Mwalimu mkuu akitaka kushinda vita hivi kwa cheo, atashindwa. Hawezi kumfundisha mwalimu wa Fizikia somo la Fizikia. Anachoweza ni kumhakikishia vifaa, kumlindia vipindi vyake, kumkabidhi uongozi wa idara yake kwa dhati, na kuketi nyuma ya darasa lake kama mtu anayetaka kuelewa. Heshima hupatikana hapo.

Wa tatu ndio mzito kuliko yote, na wazazi wengi bado hawajauona. Ni namna mtoto anavyopewa nafasi ya kuingia gredi ya 10. Kundi la kwanza lilifanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa 2025. Katika utaratibu uliowekwa, mtihani huo wa gredi ya 9 unachangia asilimia 60 ya alama. KPSEA ya gredi ya 6 inachangia asilimia 20. Asilimia 20 nyingine inatoka kwenye tathmini zinazofanywa shuleni katika gredi ya 7 na 8, zinazosahihishwa na walimu wa mtoto huyo huyo.

Maana yake ni kwamba asilimia 40 ya hatima ya mtoto imeshaamuliwa kabla hajakanyaga chumba cha mtihani wa mwisho, na sehemu yake iko mikononi mwa shule yenyewe. Mwalimu anaweza kuandika alama za kubuni kwa sababu vifaa vya kufanyia kazi ya mradi havikupatikana. Anaweza kuwapandishia wote ili shule ionekane nzuri. Anaweza kusahau kuziingiza kwenye mfumo kwa wakati kwa sababu mtandao haushiki hapo kijijini. Zamani mwalimu mkuu mvivu angeweza kuokolewa na bidii ya mwaka wa mwisho: masomo ya alfajiri, kambi ya likizo, kukariri hadi usiku. Njia hiyo inazibika. Uaminifu wa mwalimu mkuu, kukubali alama za chini zilizo za kweli kuliko za juu zilizopikwa, sasa ni sehemu ya elimu ya mtoto. Mtoto aliyepandishiwa alama gredi ya 7 atafika gredi ya 10 kwenye masomo ya sayansi na hesabu asiyoyaweza, na hapo hakuna wa kumpandishia.

Wazazi wana viti sita

Turudi kwa mnyororo wa langoni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema bodi ya usimamizi ya shule iwe na wazazi 6 waliochaguliwa, mwakilishi 1 wa Bodi ya Elimu ya Kaunti, mwalimu 1, wawakilishi 3 wa mfadhili wa shule, mmoja wa makundi maalumu na mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu. Yupo pia mwakilishi wa wanafunzi. Mwalimu mkuu ni katibu.

Soma tena orodha hiyo. Kundi kubwa zaidi ni wazazi. Wazazi wanaofunga lango kutoka nje wana viti 6 ndani. Basi kwa nini viti hivyo havisemi kitu?

Kila mtu wa Pwani anajua jibu. Viti vya bodi vimekuwa zawadi. Vinatolewa kwa kuangalia aliyempigia kampeni diwani, ukoo uliotoa ardhi ya shule, au mwenye zabuni ya kuuza unga na mbao. Mwalimu mkuu mjanja hupenda bodi ya namna hiyo, kwa sababu haimuulizi. Wanakutana mara moja kwa muhula, wanajadili ujenzi, wanapitisha michango, wanakula pilau, wanatia saini ya marupurupu. Mfadhili, awe kanisa au jumuiya ya Kiislamu, anajitokeza panapotokea ugomvi wa ibada au wa ardhi, kisha anapotea.

Bodi hai haihitaji maprofesa. Mama anayeuza mahamri anaweza kuuliza maswali haya matano kila muhula, na mwalimu mkuu akalazimika kuyajibu kwa namba:

Vipindi vingapi vilipangwa muhula huu, na vingapi vilifundishwa kweli?

Katika watoto wa gredi ya 3, wangapi wanaweza kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili na mmoja wa Kiingereza wakaeleza walichosoma?

Mwalimu mkuu na manaibu wake waliingia madarasa mangapi kutazama mafunzo, na walibadilisha nini baada ya hapo?

Watoto gani waliacha kuja, na nani alikwenda kwao?

Pesa ngapi ziliingia, na zilikwenda wapi?

Maswali haya hayamvunjii mtu heshima. Yanampa mwalimu mkuu mwema ngao pia, kwa sababu siku matokeo yatakapokuwa mabaya kwa sababu zisizo zake, bodi itajua alichofanya.

Mwenyeji au mgeni?

Mjadala wa uongozi wa shule Pwani haukai muda kabla haujageuka kuwa wa ukabila na wenyeji. Mwaka 2018 TSC ilianza kuwahamisha walimu wakuu kutoka kaunti zao. Hoja ilikuwa kujenga utaifa na kuvunja mitandao ya wenyeji iliyowalinda wazembe. Familia zilitengana, malalamiko yakazidi, na kuanzia 2022 walimu wengi wakaanza kurudishwa makwao. Sasa pendulo limekwenda upande wa pili: kila nafasi ikitokea, wanasiasa wanadai “mtoto wa nyumbani.”

Kila upande una hoja. Mwenyeji anaelewa lugha ya nyumbani ya watoto wa gredi ya 1, anajua msimu wa kupanda na msimu wa hitima na matanga, na atakutana na wazazi sokoni, kwa hiyo ana haya ya kuharibu. Mgeni hana shemeji wa kumpa zabuni. Lakini mwenyeji anaweza kufungwa mikono na ukoo, na mgeni anaweza kuishi akiangalia saa ya basi la kwenda kwao. Nimewasikia watu wa kijiji kimoja wakimsifu mkuu kutoka bara na kumlaani wa kwao, na kijiji cha pili wakisema kinyume.

Kwa hiyo swali la mwenyeji au mgeni linatupotezea wakati. Maswali yenye faida ni haya: alichaguliwa vipi, aliandaliwa vipi, na ataachwa kwa muda gani? Mwalimu mzuri wa Hesabu haamki siku moja akawa kiongozi kwa sababu ya barua ya TSC. Taasisi ya KEMI inatoa mafunzo ya usimamizi, lakini mengi huhusu hesabu za fedha na taratibu. Vilevile shule haibadiliki kwa miaka miwili. Mwaka wa kwanza mkuu anajifunza watu, wa pili anajaribu, wa tatu ndipo matunda yanaonekana. Tukimfukuza mwaka wa pili, tunarudi mwanzo, na watoto ndio wanaolipa.

Uko mji mmoja mbali na hapa unaofaa kutazamwa, kwa sababu ulianza palipo kama petu. Sobral uko kaskazini mashariki mwa Brazil, eneo la joto, ukame na umaskini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakuu wa mji huo waligundua kwamba karibu nusu ya watoto wa darasa la pili hawakuweza kusoma. Nafasi za wakuu wa shule zilikuwa za wanasiasa kuwagawia watu wao. Walibadilisha hilo kwanza: mkuu wa shule akawa anachaguliwa kwa mtihani na mahojiano. Waliweka lengo moja linaloeleweka na kila mzazi, kwamba kila mtoto ajue kusoma mapema. Waliwapima watoto mara kwa mara, wakawapa wakuu mamlaka na fedha, na aliyeshindwa kuonyesha maendeleo aliondolewa. Kufikia 2017, mji huo uliongoza Brazil nzima katika kipimo cha taifa cha ubora wa elimu ya msingi.

Hatuwezi kuiga kila kitu. Sobral ina mamlaka juu ya shule zake. Katika Katiba yetu ya 2010, kaunti zimepewa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini tu. Walimu ni wa TSC. Lakini jambo la kwanza walilofanya, kuwatoa wakuu wa shule mikononi mwa wanasiasa, halihitaji katiba mpya.

Kila mmoja afanye lake

TSC iandike wazi kwamba anayepandishwa cheo kuwa mkuu wa shule ya pamoja ameonyesha uwezo wa kuwakuza walimu wengine. Miaka ya utumishi na vyeti peke yake havitoshi. Imwache kazini si chini ya miaka mitano isipokuwa amekosa, na iwaepushe na mikutano isiyo na maana. Aliyekosa aadhibiwe. Kumhamisha mwizi kutoka kijiji hiki hadi kile ni kuwatwika wengine mzigo.

Serikali za kaunti zimefanya makubwa kwa upande wa basari. Mpango wa Elimu ni Sasa wa Kwale, ulioanza enzi za Gavana Salim Mvurya, umewafikisha shule za upili na vyuoni vijana ambao wangebaki nyumbani. Lakini basari humfikisha mtoto mlangoni tu. Kwa kuwa chekechea ni za kaunti kikatiba, na nyingi ziko ndani ya ua wa shule za msingi, kaunti ina sababu na haki ya kuketi na wakuu hao na kuuliza kama watoto wanaotoka chekechea wanajua herufi. Hapo ndipo usomaji huanza kupotea.

Wabunge, mkitumia NG-CDF kujenga lango la shilingi laki kadhaa huku gredi ya 1 inakaa sakafuni, mnajua mnachofanya, na sisi tunajua pia.

Walimu wakuu, mnaofanya kazi hii kwa moyo katika mazingira magumu, mnastahili shukrani ambazo hampewi. Lakini ofisi yenu iwe mahali pa kupitia tu. Ingieni madarasa mawili kila siku, dakika 20 kila moja, bila fimbo wala kalamu nyekundu. Msikilizeni mtoto mmoja akisoma. Mtajua mengi kuhusu shule yenu kuliko ripoti zote mnazojaza.

Na wazazi wenzangu, msingoje hadi matokeo yatoke. Uchaguzi wa bodi ukiitwa, nendeni. Wachagueni watu wanaouliza, hata kama hawana ukoo mkubwa. Jioni moja, mwiteni mtoto wa gredi ya 3, mpeni kitabu, msikilizeni. Asipoweza kusoma, nendeni shuleni kesho yake, mkae kwa heshima mbele ya mwalimu mkuu, mumuulize ana mpango gani na mtoto huyu na wenzake. Mkienda kumi, atajibu. Mkienda kila muhula, atabadilika au atajionea mwenyewe kwamba kazi haimfai, na mnyororo utabaki kazi yake ya kufunga ng'ombe.